Uzi: Bikoni moja, asubuhi jibu lake na alasiri jibu lake. Saa ya kupima kwa RTK ina athari kiasi gani?

Mpima wa Nzuguni (mwanzisha uzi)

Habari za kazi wakuu. Naomba wenye uzoefu mnisaidie, maana hapa ofisini tumegawanyika.

Tunapima viwanja pembezoni mwa Dodoma kwa RTK, yaani GPS ya vipokezi viwili: besi inayokaa palepale, na rova unayotembea nayo ikipokea masahihisho ya besi papo hapo. Kontrolo (alama za upimaji ambazo mahali pake panajulikana kwa uhakika) zilizokuwa karibu na eneo zimeng'olewa, kwa hiyo besi tumeiweka juu ya kontrolo iliyoko kilomita 17 kutoka kwenye kazi. Mashine ni za masafa mawili, yaani zinapokea kila setelaiti kwa mawimbi mawili, L1 na L2, zinasoma setelaiti za GPS ya Marekani na GLONASS ya Urusi, na masahihisho yanakuja kwa laini ya simu. Saa 3 asubuhi nilisimama kwenye bikoni (alama ya mpaka) moja ya kona, rova ikashika fiksi (jibu la uhakika la sentimita) ndani ya sekunde chache. Saa 9 alasiri siku ileile nikarudi kwenye bikoni ileile. Ikakaa floti (jibu la kukadiria tu) muda mrefu, kisha ikafiksi. Mlalo umetofautiana na wa asubuhi kwa sm 3, kimo kwa sm 9. Besi haijaguswa, fimbo ni ileile, kipovu kiko katikati.

Kesho yake nikarudi tena saa 9 alasiri ili kumaliza ubishi. Jibu likaja sawa na la alasiri ya jana, tofauti haifiki sm 1. Mwenzangu anasema basi la alasiri ndilo sahihi kwa kuwa limejirudia. Mimi moyo unakataa ila sina hoja. Mnasemaje?

Fundi Rova

Mkuu, habari za kuchagua saa ni za enzi zile setelaiti zilikuwa chache. Leo ukiwa na mashine inayosoma mifumo yote minne ya setelaiti, GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou, unaona setelaiti 30 mpaka 40 kwa pamoja, asubuhi hadi jioni. PDOP, kipimo cha ubora wa mpangilio wa setelaiti (ndogo ndiyo nzuri), haipandi juu ya 2 eneo likiwa wazi. Badilisha mashine, utasahau mambo ya saa.

Kontrolo Pointi

Fundi Rova yuko sahihi kwa upande mmoja, na upande wa pili ndio unaomuumiza mwenzetu wa Nzuguni. Nitaandika kwa urefu kwa sababu jambo hili naona linachanganywa kila siku huko site, na watu wanasaini michoro juu yake.

Ukisema "saa inaathiri GPS" unazungumzia mambo mawili yasiyohusiana kabisa. Moja ni mpangilio wa setelaiti. La pili ni jua na kile linachofanya kwenye anga la juu. Kila moja lina saa yake.

Tuanze na setelaiti. Za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu yetu na kila moja huizunguka dunia kwa saa 11 na dakika 58. Ikishazunguka mara mbili, dunia nayo imejizungusha mara moja kamili ukilinganisha na nyota, kwa hiyo anga la GPS unaloliona leo utaliona tena kesho, ila dakika 4 mapema. Kama leo saa 4:00 asubuhi PDOP ilikuwa mbaya chini ya miti fulani, kesho itakuwa mbaya saa 3:56, na baada ya mwezi dirisha hilo baya litakuwa limesogea mpaka karibu saa 2. Ndiyo maana kanuni ya "usipime saa fulani" haiwezi kudumu mwaka mzima kwa sababu ya mpangilio wa setelaiti peke yake. Hapa ndipo hoja ya Fundi Rova ina nguvu: eneo likiwa wazi na una mifumo minne, madirisha mabaya yametoweka. Katikati ya maghorofa au chini ya miembe bado yapo, kwa sababu huko huna setelaiti 35, una zile chache zinazopenya.

Sasa angalia jaribio lako la kesho yake saa 9. Ulikwenda saa ileile. Setelaiti za GPS zilikuwa karibu palepale, zikipiga ukuta uleule na bati lilelile na kurudi kwenye antena yako kwa pembe ileile. Kosa la mawimbi yanayodunda lilijirudia lenyewe. Jua nalo lilikuwa mahali palepale. Kwa hiyo ulichokithibitisha ni kwamba mazingira yaleyale huzaa kosa lilelile. Kujirudia kwa jibu la alasiri hakuongezi ushahidi wowote kwamba ndilo la kweli. Marudio yenye thamani ni yale ya saa tofauti. NGS, idara ya upimaji wa kijiodesia ya Marekani, waliliweka hili katika mwongozo wao wa 1997 wa kupima vimo kwa GPS kwa usahihi wa sm 2 na sm 5: kipimo kirudiwe siku nyingine na saa nyingine. Neno "na" hapo ndilo la kushika.

GLONASS mpangilio wake hujirudia baada ya siku 8, Galileo baada ya siku 10, kwa hiyo ukiwa na mifumo yote kujirudia kunapungua makali. Hakuishi.

Nitarudi na habari ya jua, nipo njiani.

Asha wa Ardhi

Shikamoo kaka Kontrolo. Mimi ni mwanafunzi wa upimaji mwaka wa tatu. Darasani tuliambiwa mashine ya masafa mawili inafuta kosa la ionosfia, lile tabaka la hewa ya juu lenye chembe za umeme. Kama ni hivyo jua linaingiaje kwenye RTK ya masafa mawili?

Kontrolo Pointi

Marahaba Asha. Umeuliza swali lenyewe.

Mionzi ya jua inapasua hewa ya juu na kuacha elektroni zinazoelea, hasa kati ya kilomita 250 na 400 kwenda juu. Mawimbi ya setelaiti yakipita humo ujumbe wake huchelewa, na kiasi cha kuchelewa kinategemea wingi wa elektroni. Alfajiri kabla ya jua kuchomoza wingi uko chini kabisa. Unapanda asubuhi nzima, unafika kileleni kuanzia saa 8 mchana, na kwetu huku unaweza kubaki juu mpaka jioni. Kila setelaiti ya GPS inarusha namba za kanuni fupi ya kusahihisha jambo hili, iliyobuniwa na John Klobuchar. Kanuni hiyo inachukulia kwamba usiku kucha ucheleweshaji ni nanosekunde 5, sawa na mita 1.5 hivi, na mchana inaupandisha mpaka kilele cha saa 8 kamili. Inafuta karibu nusu ya kosa. Simu ya mkononi ya masafa mamoja inategemea hiyo, kwa hiyo nusu iliyobaki inakuwa ndani ya jibu lako.

Kwa namba: mchana wa kawaida wa jua kali katika ukanda wetu unaweza kuwa na vizio 60 vya kipimo cha wingi wa elektroni. Kizio kimoja huchelewesha L1 kwa sm 16. Zidisha, unapata mita 9.7 kwa setelaiti iliyo utosini. Kwenye L2 ni mita 16. Setelaiti iliyo chini karibu na upeo inapita kwenye tabaka hilo kwa mshazari, kosa lake linazidi mara mbili na zaidi.

Sasa, Asha. Ni kweli kwamba L1 na L2 vinacheleweshwa kwa viwango tofauti, na ukivichanganya kihesabu unaifuta sehemu karibu yote. Lakini mchanganyiko huo unakuza kelele za kipimo karibu mara tatu, na unavuruga ile hesabu ya mizunguko kamili ya wimbi ambayo ndiyo roho ya fiksi. Kwa hiyo kwenye umbali mfupi RTK kwa kawaida inachukua njia nyingine: inaamini kwamba besi na rova wanaona ionosfia ileile, kisha inatoa moja kwa nyingine. Kwa kilomita 2 au 3 imani hiyo ni nzuri hata saa 8 mchana. Kwa kilomita 17 alasiri, Dodoma, imani hiyo inavunjika.

Kwenye karatasi ya mashine mmeona imeandikwa milimita 8 na ppm 1 (milimita 1 kwa kila kilomita) kwa mlalo. Hiyo ppm 1 ni ya anga tulivu. Kwetu huku alasiri na jioni tofauti ya ionosfia kati ya sehemu mbili inaweza kufika ppm 10 na kupita. Kilomita 17 mara ppm 10 ni sm 17. Urefu wa wimbi la L1 ni sm 19. Umeona tatizo? Rova inajaribu kuhesabu mizunguko mizima ya sm 19 huku kosa likiwa karibu mzunguko mzima. Ndiyo maana ilikaa floti muda mrefu. Na ilipofiksi, ama ilifiksi mizunguko isiyo sahihi, ama ilifiksi sawasawa lakini ikabeba mabaki ya ionosfia ndani ya jibu. Sm 9 za kimo zinaelezeka kwa njia zote mbili.

Fundi Rova, hapa ndipo mifumo minne haikuokoi. Galileo na BeiDou wanatumia masafa ya ukoo uleule na wanapita kwenye anga lilelile. Kuwa na setelaiti 40 kunasaidia mashine itambue zilizoharibika na izitupe, nakubali. Ila tabaka lote likiwa limeinama upande mmoja, zote 40 zinapokea mwinamo huo.

Fundi Rova

Nimekuelewa mkuu, hilo la umbali sikuliweka kwenye mizani. Sisi kazi zetu nyingi besi iko ndani ya kilomita 4, labda ndiyo maana hatulioni. Kwa nini umesisitiza "kwetu huku"? Jua si la wote?

Kontrolo Pointi

Jua ni la wote, sumaku ya dunia ndiyo inayotutofautisha. Ikweta ya sumaku haifuati ikweta ya ramani. Upande wetu wa Afrika inapita kaskazini zaidi, ndani ya Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Mchana umeme wa anga hilo unazinyanyua elektroni juu ya ikweta ya sumaku, kisha zinateremka kwa kufuata mistari ya sumaku kaskazini na kusini, na kulundikana takriban nyuzi 15 kila upande. Chukua ramani, shuka nyuzi 15 kusini ya Addis. Unaangukia nyuzi 6 kusini: Dodoma, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Mrundikano mkubwa wa elektroni wa upande wa kusini unakaa juu ya vichwa vyetu, ukisogea kidogo siku hadi siku. Mpima wa Uingereza anafanya kazi chini ya tabaka jembamba na tambarare. Sisi tuko chini ya mlima wa elektroni, na tatizo la RTK liko kwenye mteremko wa mlima huo kuliko kwenye urefu wake. Vitabu vingi tunavyosomea vimeandikwa na watu wa huko juu, na kanuni ya "umbali usizidi kilomita 20" inatoka kwenye anga lao.

Halafu kuna mzunguko wa jua wa miaka 11. Oktoba 2024 NASA na NOAA, mashirika ya Marekani ya anga na ya hali ya hewa, walitangaza kwamba jua limeingia kipindi cha kilele cha mzunguko wa 25. Wale mliojifunza kazi mwaka 2018 au 2019, jua lilipokuwa limelala, mlizoea RTK ya umbali mrefu bila shida. Anga lile si hili.

Maji Marefu MSA

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu zangu mnazungumzia mchana, nami naomba niongeze usiku, maana huko ndiko kwenye balaa lenyewe.

Kazi yetu ni kupima kina cha maji. Mchana bandari ina meli nyingi, kwa hiyo mara nyingi tunaingia na boti usiku. Hatutumii besi, tunatumia masahihisho yanayorushwa na setelaiti nyingine moja kwa moja. Miezi ya Machi na Aprili, tena Septemba na Oktoba, nimezoea kuona jambo hili: jua likishazama, kama saa 1 na nusu usiku, setelaiti za upande wa magharibi zinaanza kupoteza nguvu. Nguvu ya mawimbi inacheza juu chini kila sekunde. L2 inapotea kwanza, L1 inafuata. Baada ya muda zile za utosini zinaanza, halafu za mashariki, huku za magharibi zikitulia. Wakati huo kimo cha boti kwenye skrini kinaruka sm 20, 30, hata zaidi, na bahari imetulia kabisa. Wakati mwingine hata yale masahihisho yenyewe yanakatika kwa kuwa nayo yanakuja kwa masafa ya jirani. Kufikia saa 6 au 7 usiku mambo yanarudi kuwa mazuri.

Sisi utaratibu wetu sasa miezi hiyo ni kuingia majini kuanzia saa 7 usiku mpaka alfajiri. Kimo cha maji tunakilinganisha na mashine ya kupima maji kupwa na maji kujaa iliyo gatini, hatutegemei setelaiti peke yake.

Kontrolo Pointi

Ndugu Maji Marefu, umeeleza vizuri mno, na mwelekeo ulioutaja wa magharibi kwenda mashariki ndio wenyewe. Jua linapozama, umeme niliousema unapata nguvu ya ghafla na kulinyanyua tabaka juu. Chini yake elektroni zinatoweka haraka kwa kuwa hakuna jua tena. Unabaki na zito juu na jepesi chini, na hilo jepesi linapanda kwa mapovu, kama uji mzito uliokolea moto. Mapovu hayo yana upana wa makumi ya kilomita mpaka mamia, na usiku yanasafiri kuelekea mashariki. Wimbi likipita pembezoni mwa povu linametameta, mashine inapoteza hesabu ya mizunguko na kuanza upya. Karibu na ikwinoksi (Machi na Septemba, mchana na usiku vinapolingana) ndipo yanapotokea zaidi, kwa sababu mstari wa machweo unalingana vizuri na mistari ya sumaku.

Risiva za zamani zinapoteza L2 kwanza kwa kuwa zinaisoma kwa njia ya kuzunguka msimbo wa siri wa kijeshi, na kwa njia hiyo mashine inayapata mawimbi yakiwa dhaifu. Zinazosoma mawimbi mapya ya wazi, L2C na L5, zinavumilia zaidi.

Mama Kontua

Mimi niko mgodini Kanda ya Ziwa, siutaji. Mashine za kuchoronga zinaongozwa kwa RTK saa 24. Zamu ya usiku walikuwa wanaandika kila mara "GPS imekufa" kati ya saa 2 na saa 4 usiku, mafundi wanabadilisha antena, wanabadilisha nyaya, wanabadilisha redio. Nilipopanga kumbukumbu zote kwa saa na mwezi, picha ikawa kama aliyoieleza Maji Marefu. Ushauri wangu kwa mwenye mtambo wa aina hii: kabla ya kununua antena nyingine, chora grafu ya matukio kwa saa ya siku. Kifaa kibovu hakichagui saa wala miezi. Tuliongeza besi ya pili karibu na shimo na hali imepungua sana, ingawa siku mbaya bado zipo.

Babu Theodolaiti

Vijana, hongereni kwa mada. Nina mawili tu.

Kwanza, jua la mchana linachoma miguu ya stendi upande mmoja. Mguu wa upande wa jua unatanuka na kipovu kinahama. Besi inayokaa saa sita juani bila mwavuli, mkairudie kuitazama kila mnapopita. Wengine wanalaumu ionosfia kumbe ni stendi.

Pili, msikimbilie total station, chombo cha kupima pembe na umbali kwa prizma, mkidhani mchana ni salama huko. Saa 6 mpaka saa 9 hewa ya juu ya ardhi iliyochomwa inacheza, prizma unaiona inaogelea. Asubuhi ni asubuhi kwa kila chombo.

Asha wa Ardhi

Na mawingu je? Site watu wanasema tusubiri wingu lipite ndipo tusome.

Kontrolo Pointi

Wingu haliyazuii mawimbi haya. Kinachohusika ni mvuke ulioko hewani, uonekane au usionekane. Hewa kavu inachelewesha mawimbi kama mita 2.3 utosini, hiyo inakokotoleka vizuri. Mvuke kwa ukanda wetu unaweza kuongeza sm 30 au 40, na hubadilika ndani ya saa chache, hasa alasiri za masika mvua inapojikusanya upande mmoja wa bonde. Masafa mawili hayasaidii hapa kwa sababu hewa hii inayachelewesha yote kwa kiasi kilekile. Besi na rova wakiwa karibu na usawa mmoja, inafutika. Besi ikiwa Morogoro mjini na rova ikiwa juu Uluguru, haifutiki, na inaingia kwenye kimo: kila milimita inayobaki utosini huzaa takriban milimita 3 za kimo. Mvua ikiwa upande wa rova na jua upande wa besi, ahirisha kazi ya vimo. Kazi ya mipaka endelea nayo.

Mpima wa Nzuguni

Nashukuru sana wakuu. Kwa hiyo kwa kazi yangu nifanyeje? Siwezi kusimamisha kazi kila siku saa 6 mchana, mkandarasi hataelewa.

Kontrolo Pointi

Huna haja ya kusimamisha.

Hamishia besi karibu. Asubuhi na mapema, kati ya saa 12 na nusu na saa 3, anga likiwa jepesi, chukua statiki (mashine zote mbili zinarekodi bila kusogezwa, hesabu inafanywa baadaye) ya saa moja na nusu au mbili kutoka kontrolo yako ya kilomita 17 mpaka pointi mpya ndani ya eneo lako. Siku nyingine irudie, kwa mfano saa 4 mpaka saa 6. Majibu yakikubaliana, hiyo ndiyo besi yako. Kuanzia hapo unapima kwa umbali wa kilomita 1 au 2, na alasiri haitakusumbua kama ilivyokusumbua.

Bikoni za kona na zile zinazobeba mchoro mzima uzisome asubuhi, na kila moja irudiwe kwa saa tofauti, angalau saa mbili au tatu baadaye, baada ya kuikata fiksi na kuianzisha upya kabisa. Usiendelee na fiksi uliyokuja nayo kutoka pointi ya nyuma, kwa sababu kama ni ya uongo itabaki ya uongo. Barabara, nguzo za umeme na kona za nyumba zilizopo ndizo za alasiri.

Pembe ya kukatia setelaiti za chini iweke nyuzi 15. Kabla ya kutoka fungua programu ya kupangia kazi, ile ya Trimble ya mtandaoni ni ya bure, weka saa za kwetu, UTC+3, uangalie na hali ya ionosfia kwa siku hiyo. Dhoruba ya jua ikitangazwa, kama ile ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 iliyosimamisha matrekta yanayojiendesha kwa GPS kule Marekani katikati ya msimu wa kupanda, tumia siku hiyo kusafisha njia na kuchimba mashimo ya bikoni.

Kuhusu zile mbili ulizonazo sasa: usichukue wastani. Ya asubuhi ilifiksi haraka na anga lilikuwa tulivu, nina imani nayo zaidi, ila kilomita 17 bado ni nyingi kwa mpaka wa mtu. Zifute zote mbili, uisome bikoni upya kutoka besi mpya.

Mpima wa Nzuguni

Nimelipokea mkuu. Swali la mwisho: statiki nikiiacha besi ikirekodi usiku kucha pale ofisini, kuna ubaya?

Kontrolo Pointi

Hakuna ubaya, usiku mrefu unasaidia kwa kuwa baada ya saa 7 anga ni safi kabisa mpaka alfajiri. Unapochakata, tazama mabaki ya kila setelaiti kati ya saa 1 na saa 6 usiku na uzikate zilizochafuka, au uanze kuhesabu kutoka saa 7. Kumbuka pia siku ya GPS inaanza saa 9 usiku kwa saa zetu, kwa hiyo mashine nyingi zitakugawia mafaili mawili ya kumbukumbu za setelaiti (RINEX). Yaunganishe kwanza, usije ukachakata la kwanza peke yake, maana hilo ndilo lenye saa zote mbaya.